Orodha ya Jacob

Msikilizaji mmoja wa Kinondoni ameniandikia baada ya mazungumzo yangu juu ya Reli ya Kati. Anasema kuwa tukiitaja Tabora tunataja asali na maembe, tukizidisha sana tunamtaja Mtemi Mirambo, kisha tunanyamaza. Anauliza: je, katika ile njia ya misafara hapakuwa na watu wa vitabu?

Walikuwapo, ndugu msikilizaji. Na wa kwanza ninayetaka umjue alikuwa mwanafunzi wa shule ya misheni ambaye alipewa kazi ya kuandika orodha. Jina lake ni Jacob Wainwright.

Kwanza hebu tuikumbuke njia yenyewe. Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, mahali ulipo mji wa Tabora, ni mwendo wa kilometa zipatazo 800, na msafara uliutumia miezi miwili au mitatu kuukata. Hapakuwa na gari. Mwaka 1877 Wamisionari wa Chama cha London walijaribu kuleta mikokoteni ya ng'ombe, lakini ng'ombe wakafa kwa ndorobo. Kwa hiyo kila kilichofika bara kilifika juu ya kichwa au bega la mpagazi, na mpagazi hodari alikuwa Mnyamwezi. Mzigo wake ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Pembe zilikwenda pwani kwa mabega, na nguo, shanga na baruti zikarudi bara kwa mabega. Hata mashua ya chuma ya wamisionari hao, iliyoingizwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1883, ilisafiri vipande vipande kwa njia hiyo hiyo. Basi na vitabu navyo vilikuwa mzigo. Biblia ya mmisionari, kamusi yake, dawa zake na sufuria zake vilihesabiwa pamoja kwa frasila, na aliyevibeba hakuulizwa kama anajua kusoma.

Jacob alikuwa Myao. Alikamatwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa na manowari ya Waingereza, akapelekwa India. Huko, karibu na mji wa Nasik, Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza kilikuwa na shule ya watoto Waafrika waliookolewa. Walijifunza Kiingereza, dini na kazi za mikono. Mwaka 1872 Stanley, akiwa Unguja baada ya kuachana na Dakta Livingstone, alimtumia mzee huyo zaidi ya watu 50 wa kumsaidia, na miongoni mwao walikuwamo vijana 6 wa Nasik. Livingstone alikuwa akiwasubiri Kwihara, kilometa chache nje ya Tabora, tangu mwezi wa Machi. Walifika Agosti. Tembe alimokaa lilijengwa upya mwaka 1957, na mtu akienda Tabora anaweza kuliona. Mimi nimeingia humo. Ni nyumba ya baridi nzuri, yenye milango ya nakshi ya pwani, na mtu anaelewa mara moja kwa nini mgonjwa angependa kukaa pale miezi mitano akisoma na kuandika.

Agosti hiyo hiyo waliondoka kwenda kusini, na Mei 1873 Livingstone akafa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Hapo ndipo kazi ya Jacob ilipoanza. Chuma na Susi, waliokuwa watumishi wa Livingstone kwa miaka mingi, walifungua masanduku ya marehemu mbele ya watu wote, ili asije mtu akasema kesho kwamba kitu kimeibwa. Jacob akaketi na penseli akaandika kila kilichotoka: kofia, saa, vyombo vya kupimia. Waliuzika moyo wa marehemu chini ya mti, Jacob akasoma sala za maziko kwa Kiingereza, akachonga maandishi kwenye gamba la mti ule. Kisha wakakausha mwili na kuubeba.

Mwezi wa Oktoba walifika tena Kwihara. Hapo walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza, aliyewashauri wamzike bwana wao palepale na kupumzika. Walikataa. Mbele ya Tabora, kwenye kijiji cha Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Basi wakafunga mzigo wa matawi wakaufanya kana kwamba ndiyo maiti inarudishwa Unyanyembe, na maiti yenyewe wakaifungasha kama robota la nguo, wakapita nalo. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo. Katika masanduku yaliyofika mlikuwamo madaftari ya Livingstone, na vitu viliweza kuhakikiwa kwa ile orodha.

Aprili 18, 1874, Jacob alikuwa mmoja wa walioshika pembe za jeneza katika Westminster Abbey, London. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye, wakakaa na Mchungaji Horace Waller wakimsaidia kuyaelewa maandishi, na mwisho wa mwaka huo kitabu kikatoka, juzuu mbili, jina la Waller likiwa ni la mhariri. Nimesoma kitabu hicho na sina ugomvi nacho. Ninachokitaka mkiangalie ni daftari jingine.

Jacob naye alikuwa akiandika. Safari yote ile, tangu Chitambo mpaka pwani, aliiandika kwa mkono wake kwa Kiingereza. Ndiyo habari pekee ya safari hiyo iliyoandikwa kwa mkono na Mwafrika aliyekuwapo. Tafsiri yake ilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1874 katika jarida la jiografia. Daftari lenyewe liliwekwa pamoja na vitu vya Livingstone, na sasa limo katika jumba la makumbusho huko Blantyre, Scotland, mahali alipozaliwa Livingstone. Maneno ya Jacob mwenyewe, kama alivyoyaandika, yalitolewa kwenye intaneti mwaka 2019. Yeye alikuwa amekufa tangu mwaka 1892. Mnajua alikufia wapi? Urambo, katika mkoa huu huu wa Tabora, kwenye kituo cha wamisionari wa Chama cha London. Alirudi kwenye njia.

Sasa nitawaambia kwa nini habari ya orodha inanigusa.

Nilisoma katika chuo kimoja cha kanisa, mahali fulani katika njia hiyo ya zamani. Maktaba yetu ilikuwa chumba kirefu chenye paa la bati na rafu za mninga. Ruhusa ilikuwa vitabu viwili kwa siku 14. Mkutubi wetu, mzee mmoja mpole ambaye kila mwanafunzi alimwita Babu, aligonga muhuri kama anayemchanja mtoto, taratibu, akiangalia usoni kwanza. Jumamosi jioni ndipo maktaba ilipojaa, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Wenye bidii walipigania nakala mbili za Shaaban Robert tulizokuwa nazo. Wasio na bidii waliketi nyuma, na mmoja wao alipata sifa ya ucha Mungu kwa majuma matatu, hata ilipogunduliwa kwamba ndani ya lile jalada la Ufafanuzi wa Waraka kwa Warumi mlikuwa na riwaya ya James Hadley Chase.

Mwaka wangu wa pili mvua kubwa ilikuja na upepo, ikang'oa bati tano upande wa mashariki. Ilikuwa usiku. Kengele ikalia, tukatoka, na bila mtu kutupanga tukajipanga mstari kutoka maktaba mpaka bwaloni, tukabeba vitabu kichwani katika masanduku, makarai na mashuka. Wapagazi kamili! Asubuhi sakafu ya bwalo ilikuwa imefunikwa vitabu, nasi tukala uji tumesimama nje.

Kisha Babu akaleta daftari lake la kuingizia vitabu. Siku tatu mfululizo alisoma namba moja baada ya nyingine, nasi tulio bwaloni tukaitikia: kipo, kipo, kimelowa, kipo. Palipokuwa kimya aliweka alama nyekundu. Vitabu vingi vya alama nyekundu, nasikitika kusema, havikuchukuliwa na mvua. Vilikuwa vimechukuliwa na watu waliohitimu zamani. Lakini kazi ilikwenda vizuri, na mkuu wa chuo akatangaza kwamba tumepoteza vitabu vichache tu.

Lakini kulikuwa na kabati moja la chini, upande ule ule wa mashariki. Humo mlikuwa na madaftari ya shule, yenye mistari, ambayo wanafunzi wa miaka ya nyuma waliyajaza wakati wa likizo. Mwalimu wao mmoja aliwahi kuwaagiza kila mtu arudi kwao amuulize mzee wa kijiji: mlitoka wapi, mlifuata nani, nani alikwenda pwani na akarudi na nini. Nilikuwa nimeyasoma machache. Mojawapo lilikuwa na majina ya makambi ambayo babu wa mwanafunzi huyo alilala akibeba pembe, moja baada ya jingine, mpaka Bagamoyo. Madaftari yale hayakuwa na namba. Hayakuwa vitabu, kwa hiyo hayakuwamo katika orodha. Hakuna aliyeyaita, na hakuna aliyeitikia. Yalikaa majini siku zile tatu, yakafanywa uji, yakatupwa shimoni pamoja na mashuka yaliyoharibika.

Simlaumu Babu. Alifuata orodha aliyorithi.

Lakini linganisheni. Mwaka 1871, akiwa ameishiwa karatasi huko Nyangwe, Kongo, Livingstone aliandika shajara yake juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa maji ya matunda. Wino ule ulififia kabisa. Mwaka 2011 wataalamu walitumia kamera za mwanga maalumu, wakayasoma yaliyofutika, na dunia ikajua vizuri zaidi aliyoandika siku ile ya mauaji ya sokoni Nyangwe. Kazi njema sana. Gazeti lile chakavu liliweza kungoja miaka 140 kwa sababu lilikuwa na namba, na mtu fulani alikuwa na wajibu wa kuitikia: lipo.

Sisemi kwamba Tabora haikuwa na maktaba za maana. Seminari Kuu ya Kipalapala, iliyoanza mwaka 1925, ilisomesha mapadri kwa vitabu vya Kilatini, kama seminari zote kubwa za Kikatoliki kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Kadinali Polycarp Pengo alipita hapo. Hapo Kipalapala palikuwa pia na kiwanda cha uchapaji cha misioni, TMP, kilichotoa vitabu vya Kiswahili vilivyofika hata nyumba zisizo na rafu. Mwalimu Nyerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria mjini Tabora tangu 1946 hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Leo mji una chuo kikuu kishiriki chenye jina la Askofu Mkuu Marko Mihayo. Na yupo Adrien Atiman, mtoto wa upande wa Timbuktu aliyekombolewa utumwani, akasomea utabibu Malta, akapita njia hii na kufika Karema, alikotibu watu tangu 1889 hadi kufa kwake mwaka 1956. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe, yakachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Ndiyo maana hata leo mwanafunzi akimtafuta anampata.

Kwa msikilizaji wangu wa Kinondoni: daftari la Jacob linasomeka bure kwenye intaneti, kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili bado sijaliona. Mwanafunzi wa chuo chochote cha Tabora anayetafuta kazi ya kuandikia shahada angeweza kuanzia hapo, na Urambo si mbali, kama kilometa 90 tu.

Nami tangu mwaka jana nawaandikia wenzangu tuliobeba vitabu usiku ule, nikiwauliza nani anakumbuka nini katika madaftari ya kabati la chini. Mpaka sasa nina majina ya vijiji 7, na makambi 4 ya njia ya Bagamoyo, mawili kati ya hayo wenzangu wanabishana. Aliyesoma hapo kabla yetu, au ambaye baba yake aliandika mojawapo ya madaftari yale, anwani yangu ni ile ile ya redio.