Saa mbili mkononi: Namna mwamuzi wa soka anavyotunza dakika 90

KATIKA viwanja vikubwa, mtazamaji anayetaka kujua dakika zilizobaki huinua macho kwenye ubao wa umeme. Katika viwanja vya Same na vijiji vya Milima ya Pare hakuna ubao wa namna hiyo, na kila shabiki mwenye simu ya mkononi ana saa yake. Timu yake ikiongoza, huona dakika zimekwisha zamani. Ikifungwa, huona mwamuzi ana haraka ya kwenda nyumbani. Kisheria, hata hivyo, saa iliyo rasmi ni moja tu, nayo ni ile iliyofungwa kwenye mkono wa mwamuzi wa kati.

Sheria ya 5 miongoni mwa sheria 17 za soka ndiyo inayompa mwamuzi kazi ya kutunza muda. Sheria hiyohiyo inaitaja saa kuwa kifaa cha lazima, pamoja na filimbi, kadi nyekundu na njano, na kijitabu cha kumbukumbu. Haisemi iwe saa ya aina gani wala ya bei gani, na hapo ndipo waamuzi wengi chipukizi wanapokosea, kwa kudhani kwamba saa ya gharama ndiyo inayotunza muda vizuri zaidi.

Hesabu inaonyesha vinginevyo. Saa ya kawaida ya betri, kama Casio F-91W iliyoingia sokoni mwaka 1989 na ambayo bado inauzwa hadi leo, hupishana na muda sahihi kwa sekunde zisizozidi 30 kwa mwezi, yaani takriban sekunde moja kwa siku nzima. Kwa kipindi cha dakika 45, hiyo ni sehemu ndogo mno ya sekunde, ambayo hakuna mwamuzi wala mchezaji anayeweza kuitambua. Kinachoharibu muda wa mechi ni kitufe kigumu, kioo kisichosomeka juani, mkanda uliokatika, na zaidi ya yote, mwamuzi aliyesahau kubonyeza.

Kwa sababu hiyo, anayenunua saa kwa ajili ya uwanjani aijaribu kwanza dukani. Aianzishe na kuisimamisha mara kadhaa bila kuitazama, kwa kidole kimoja, huku akitembea. Kitufe kiwe kinatoa mlio au kinaonekana wazi kwamba kimeitika. Tarakimu ziwe kubwa kiasi cha kusomeka kwa kutupa jicho mara moja tu, kwani mwamuzi anayeinamia saa yake kwa sekunde tatu amekosa sekunde tatu za mchezo. Saa nyingi zinazouzwa mitaani ni za kuigiza jina la kampuni nyingine. Hizo nazo zinaweza kwenda sawa, ila vitufe vyake huchoka upesi na maji huingia kwa urahisi. Ikumbukwe pia kwamba hata saa halisi yenye maandishi ya kustahimili maji kwa kiwango cha chini huvumilia manyunyu na jasho tu, na vitufe vyake havipaswi kubonyezwa vikiwa vimelowa chapachapa. Kwa mwamuzi anayepanda kuchezesha kwenye vijiji vya juu, ambako ukungu na mvua kutoka Shengena havitabiriki, saa yenye kiwango cha mita 50 au 100 ni salama zaidi.

Saa ya mishale haijapitwa na wakati. Waamuzi wa zamani walikuwa na mbinu rahisi: wakati wa kuanza mchezo waliurudisha mshale wa dakika kwenye namba 3, hivyo ulipofika kwenye 12, dakika 45 zilikuwa zimetimia. Mbinu hiyo inafaa mpaka leo iwapo betri ya saa ya tarakimu itakufa katikati ya mechi. Simu haifai kabisa: haiwezi kutazamwa mwamuzi akikimbia, na sheria inawakataza waamuzi walio uwanjani kuvaa vifaa vingine vya kielektroniki nje ya vile vilivyoruhusiwa.

Kwa nini mbili

Mwamuzi makini huvaa saa mbili. Ya kwanza huanza kwa filimbi ya kwanza na haisimamishwi hadi kipindi kiishe. Hiyo ndiyo inayompa dakika ya bao na ya kadi kwa ajili ya ripoti. Bao lililofungwa saa ikionyesha dakika 23 na sekunde 10 huandikwa dakika ya 24, kwa kuwa dakika ya 23 imekwisha pita.

Saa ya pili husimamishwa pale mchezo unapopoteza muda isivyo kawaida, kisha huendelea mpira unapoanza tena. Sheria ya 7 inataja mambo yenyewe: kubadilisha wachezaji, kuhudumia na kuondoa majeruhi, kupoteza muda kwa makusudi, kutoa adhabu, kushangilia bao, na jambo lolote jingine linalochelewesha mchezo kwa kiasi kikubwa. Mpira wa kurusha au wa goli usio na ucheleweshaji haumo. Anayesimamisha saa kila mpira unapotoka amegeuza soka kuwa mpira wa kikapu.

Tuseme saa ya kwanza imefika dakika 45 kamili, na ya pili inaonyesha 41 na sekunde 20. Tofauti yake, dakika tatu na sekunde 40, ndiyo nyongeza. Anayetangaza dakika tatu hajakosea, kwa kuwa kinachotangazwa ni kiwango cha chini: mwamuzi anaweza kukizidisha, lakini hawezi kukipunguza. Pasipo mwamuzi wa akiba wa kuinua kibao, ni vyema kuwaambia wasaidizi na manahodha wa pande zote mbili kwa sauti ya kusikika. Maneno hayo machache huzuia zogo kubwa baada ya filimbi ya mwisho.

Jambo moja halina mjadala. Aliyekosea muda wa kipindi cha kwanza haruhusiwi kufidia kwa kurefusha au kufupisha cha pili. Muda ukiisha kukiwa na penalti iliyokwisha amriwa, kipindi hurefushwa mpaka penalti hiyo ikamilike. Mapumziko nayo, yasiyozidi dakika 15, yanahitaji kupimwa, ingawa wengi huyaacha yajiendee.

Makosa ya muda hayakuanza vijijini. Katika Kombe la Dunia la kwanza, mwaka 1930 nchini Uruguay, mwamuzi Gilberto de Almeida Rêgo wa Brazil alimaliza mechi ya Argentina na Ufaransa dakika sita kabla ya muda, kisha akalazimika kuwarudisha wachezaji uwanjani. Miaka 92 baadaye, Januari 12, 2022, mwamuzi mzoefu Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza filimbi katika dakika ya 85 ya mechi ya Tunisia na Mali huko Limbe, Cameroon, kwenye fainali za Mataifa ya Afrika. Mchezo uliendelea, naye akaumaliza tena kabla ya dakika 90 kutimia. Wachezaji walipoitwa warudi baadaye, Tunisia haikurejea, na Mali ikabaki na ushindi wa bao 1-0. Sikazwe alieleza baadaye kwamba alikuwa amezidiwa na joto.

Joto na giza

Habari ya Limbe ina mafunzo kwa tambarare za Same. Mji huo uko upande wa magharibi wa milima, katika ukanda mkavu wenye joto kali, na mechi ya mchana humchosha mwamuzi kama inavyowachosha wachezaji. Sheria inaruhusu, kanuni za mashindano zikikubali, mapumziko ya kunywa maji yasiyozidi dakika moja, au ya kupoza mwili ya kati ya sekunde 90 na dakika tatu. Muda huo wote hurudishwa mwishoni mwa kipindi, na hapo saa ya pili hulipa gharama yake. Mwamuzi naye anywe maji, kwani akili iliyochoka ndiyo inayosahau kuirudisha saa hiyo kwenye mwendo.

Tatizo jingine ni giza. Mechi iliyopangwa kuanza saa 10:00 jioni, ikiwa na mapumziko na nyongeza ya kawaida, huisha karibu na saa 12:00. Ikichelewa nusu saa kwa kusubiri timu iliyokwama njiani, kipindi cha pili kinaingia magharibi. Kwa vijiji vilivyo chini ya milima upande wa mashariki, kama Kisiwani, Maore na Ndungu, jua la jioni hupotea nyuma ya milima mapema kuliko mjini.

Dawa ya jambo hili imo katika Sheria ya 7. Vipindi vinaweza kupunguzwa, kwa mfano kuwa vya dakika 40, iwapo mwamuzi na timu zote mbili watakubaliana kabla ya mchezo kuanza na kanuni za mashindano zinaruhusu. Mpira ukishaanza, mlango huo umefungwa, hata manahodha wote wawili wakiomba. Giza likishinda, kinachobaki ni kuvunja mchezo na kuandika katika ripoti dakika ulipoishia, na dakika hiyo huchukuliwa kutoka kwenye saa ya kwanza, ile isiyosimamishwa.