Ndege wa Njia ya Misafara

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa au kumi, babu yangu mzaa mama alikuwa akinichukua porini kwenda kurina asali. Kijiji chetu kiko kusini mwa Tabora, upande wa Sikonge, na siku hizo miombo ilianzia nyuma ya nyumba ya mwisho. Babu alitangulia na shoka begani, nami nikamfuata na kibuyu. Akitokea ndege mdogo wa rangi ya majivu na kuanza kupiga kelele juu ya mti, babu alisimama, akapiga mluzi, kisha akamwandama. Ndege aliruka hadi mti wa mbele, akatungoja, akapiga kelele tena. Hatimaye tulifika kwenye mti wenye nyuki. Babu alifukiza moshi, akarina, na kabla hatujaondoka aliweka kipande cha sega juu ya jani.

"Ukimdhulumu huyu," aliniambia, "siku nyingine atakupeleka kwa chui."

Kwa Kiswahili ndege huyo huitwa kiongozi, na wengine humwita mlembe. Yeye ndiye ndege wa kwanza niliyepata kumjua kwa tabia zake. Wengine wote nilikuja kuwajua ukubwani, baada ya kustaafu ualimu, nilipopewa zawadi ya darubini na kitabu cha ndege.

Msomaji usiyewahi kuijaribu starehe hii huenda ukacheka. Mtu mzima anakaa chini ya mti saa mbili nzima akitazama matawi! Lakini jaribu. Dakika za kwanza huoni kitu. Kisha masikio yanaanza kutenganisha sauti: huyu ni njiwa, yule ni hondohondo, na yule wa tatu humfahamu. Macho nayo yanajifunza kungoja. Ukimpata yule wa tatu ndani ya darubini, ukaona kila unyoya wake na jicho lake likikutazama, unapata furaha ambayo haikugharimu senti. Mimi hupenda kukaa Kwihara, karibu na tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akingojea wapagazi. Maembe yakiiva, ndege hujaa kwenye miti na kugombana kama watu wa sokoni.

Ni kitabu hicho cha ndege kilichonirudisha kwenye historia. Asubuhi moja, katika kipande cha miombo kilichobaki karibu na kijiji chetu, nilimwona ndege mdogo mtulivu, kahawia mgongoni, mweupe kifuani, na juu ya weupe huo ana madoa meusi kama ncha za mishale. Alikaa kwenye kijiti, akashuka kudaka mdudu, akarudi palepale. Nilimkumbuka mara moja. Babu aliwahi kunionyesha ndege huyo na kunitajia jina lake kwa Kinyamwezi. Nikafungua kitabu, nikakuta anaitwa kwa jina la Böhm.

Böhm alikuwa nani? Richard Böhm alizaliwa Berlin mwaka 1854. Alifika nchi yetu mwaka 1880 pamoja na wenzake, akina Paul Reichard na Emil Kaiser, wakapita njia ya misafara kutoka pwani, wakaweka kituo Kakoma, kusini mwa Tabora. Njia hiyo ilikuwa na wenyewe zamani kabla yao. Wanyamwezi waliifungua kwa miguu yao wakibeba pembe za ndovu, na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili wakajenga makao Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora. Burton na Speke waliingia Kazeh mwezi Novemba 1857 baada ya siku 134 kutoka pwani. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilometa 1,200, na katika njia hiyohiyo walipitishwa pia watumwa waliofungwa minyororo. Hatuwezi kuisifu njia hiyo bila kuwakumbuka hao.

Böhm alikuwa mtaalamu wa wanyama, na aliwapenda ndege kweli. Alikusanya ngozi zao na kuandika habari zao katika nchi ambayo maradhi yaliwaua wageni wengi. Kaiser alifariki mwaka 1882 karibu na Ziwa Rukwa. Böhm mwenyewe alifariki Machi 1884 huko Katanga, kabla ya kutimiza miaka thelathini. Mwaka huohuo, mtaalamu wa ndege wa Berlin, Anton Reichenow, alimtangaza yule ndege mwenye madoa ya mishale na kumpa jina la marehemu. Reichard, aliyerudi kwao hai, naye alipewa ndege: mnana mmoja wa rangi ya manjano anayeishi kwenye mabwawa ya magharibi na kusini magharibi mwa nchi yetu.

Sina chuki na majina hayo. Mtu aliyetoa uhai wake kwa ajili ya elimu anastahili kukumbukwa. Lakini nikiwa pale porini na kitabu mkononi nilijiuliza: ni nani aliyemwonyesha Böhm ndege hao? Mgeni wa juzi hawezi kujua ni mti gani wenye tundu, wala ni mwezi gani ndege fulani hutaga. Mwenyeji ndiye ajuaye. Na mizigo ile ya ngozi haikujipeleka pwani. Ilikwenda juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, na mwenyeji akasahauliwa.

Jambo hili halikutokea kwetu tu. Mwaka 1822, kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika wa urefu wa sentimita 80 hivi umemchoma shingoni. Mpaka wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wanabishana korongo huenda wapi majira ya baridi. Wapo walioamini kwamba hujificha chini ya maji. Mkuki ule ulitoa jibu: huja Afrika. Korongo huyo yumo hadi leo katika chuo kikuu cha Rostock. Aliyeurusha mkuki huo hana jina mahali popote, ingawa aliwafundisha wasomi wa bara zima.

Makorongo hao hufika pia nchini kwetu wakati wa mvua. Hufurahi nikiwafikiria wale wapagazi wa zamani. Walisafiri wakati wa kiangazi, na mvua zilipokaribia walirudi kushika jembe. Bila shaka wapo walioinua macho shambani wakawaona wasafiri wenzao wakifika kutoka mbali zaidi.

Sasa nisiwalaumu Wajerumani peke yao, kwa maana kosa lililo karibu zaidi ni langu. Nilipopelekwa shule ya bweni, nilirudi likizo nikiona haya kufuatana na mzee mwenye shoka na kibuyu. Alinitajia majina ya ndege, nami nikaitikia huku akili yangu iko kwingine. Nilikuwa na kalamu na daftari mkononi, vitu ambavyo yeye hakupata kuvimiliki, wala sikuandika jina hata moja. Babu alifariki nikiwa chuoni. Leo ninakumbuka noni, yaani ndege, pamoja na majina machache ya wale wanaojulikana na kila mtu. Jina la yule mwenye madoa ya mishale limepotea. Nimewauliza wazee wa kijijini. Shangazi yangu aliweza kuiga mlio wake vizuri kabisa, lakini jina halikuja.

Ninayasema haya kwa sababu kinachopotea si maneno matupu. Mwaka 2023 watafiti walichapisha habari za ndege kiongozi. Katika kaskazini ya Tanzania, Wahadza humwita kwa mluzi. Kule Niassa, Msumbiji, Wayao humwita kwa mlio mwingine wa kutetemesha ulimi na kuguna. Watafiti walipopiga milio yote miwili porini, ndege wa kila mahali waliitikia zaidi mwito wa wenyeji wao. Maana yake ni kwamba ndege hujifunza lugha ya watu wa mahali pake. Na lugha huhitaji wawili. Watu wakiacha kumwita, ndege naye hana wa kumjibu.

Kwetu wapo wanaoendelea kurina, na asali ya Tabora bado inasifiwa. Lakini miombo imepungua. Tumbaku hukaushwa kwa kuni, na kila msimu miti mingi huanguka ili majani yapate kukauka. Mkulima ana watoto wa kusomesha, nami sina haki ya kumhubiria nikiwa na pensheni yangu. Ninachoweza kufanya ni kidogo, nacho ninakifanya.

Nimenunua daftari. Kila nikienda kijijini nakaa na wazee, nawaigia mlio au nawaonyesha picha, kisha naandika wanachosema, pamoja na jina la aliyeniambia. Likizo iliyopita nilifuatana na mjukuu wangu. Tulimkuta yule ndege kwenye kijiti chake, kifua kikiwa kimejaa mishale. Mtoto akauliza, "Babu, huyu anaitwaje?"

Nikamwambia kwamba ana majina mawili. Moja ni la Mjerumani aliyepita hapa zamani akafia mbali na kwao. La pili alipewa na watu wetu, mimi niliambiwa, nikalisahau.

Akafikiri kidogo, kisha akaniomba kalamu, akaliacha pengo katika daftari mahali pa jina hilo. Tangu siku hiyo, kila mzee tunayekutana naye, yeye ndiye anayetangulia kuuliza.