Nasaba za Kiingereza na Mchango wa Ndugu wa Mbali

Nasaba ya familia ya Kiingereza hutafutwa kwa kurudi nyuma, kutoka kwa walio hai hadi kwa waliotangulia, kizazi baada ya kizazi. Kwa muda mrefu kazi hii ilikuwa ya wakubwa. Kati ya 1530 na 1688 maofisa wa nembo wa mfalme walizunguka katika kaunti wakikagua ni nani mwenye haki ya kutumia nembo ya ukoo, na wenye mashamba makubwa wakawaonyesha shajara za koo zao. Mkulima mdogo, mfumaji na mtumishi wa nyumbani hawakuulizwa kitu. Habari zao zimehifadhiwa katika madaftari yaliyoandikwa kwa shughuli nyingine, na katika matawi ya ukoo yaliyotawanyika duniani.

Msingi wa utafiti ni daftari la parokia. Septemba 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila kasisi aandike ubatizo, ndoa na mazishi ya parokia yake. Madaftari mengi ya mwanzo yalikuwa ya karatasi na yamepotea. Mwaka 1598 iliamriwa kwamba yanakiliwe kwenye ngozi, na kwamba nakala ya kila mwaka ipelekwe kwa askofu. Hata hivyo maandishi ni ya mkato: mara nyingi ubatizo hutaja mtoto na baba yake tu, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640 parokia nyingi ziliacha mapengo. Tarehe nazo zina mtego wake. Kabla ya 1752 mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo mtoto aliyeandikwa kubatizwa Februari 1720 alibatizwa Februari 1721 kwa hesabu ya leo.

Kuanzia 1754 sheria ilitaka ndoa zote, isipokuwa za Wakweka na Wayahudi, zifungwe katika Kanisa la Uingereza, na maarusi na mashahidi waweke sahihi au alama. Sharti hilo la mashahidi limekuwa hazina kwa watafiti, kwa kuwa shahidi mara nyingi alikuwa kaka, dada au shemeji, na jina lake ni mlango wa kuingilia katika tawi jingine.

Tarehe 1 Julai 1837 serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo katika Uingereza na Wales. Cheti cha kuzaliwa hutaja jina la ukoo wa kwao mama, na cheti cha ndoa hutaja baba wa kila upande pamoja na kazi yake. Sensa ilikuwa ikifanyika kila miaka kumi tangu 1801, lakini orodha za majina zimehifadhiwa kwa nchi nzima kuanzia ile ya 1841. Katika sensa hiyo umri wa waliozidi miaka 15 ulishushwa kwa kawaida hadi kigawe cha tano, kwa hiyo mtu wa miaka 34 aliandikwa 30. Ile ya 1851 ilikuwa bora zaidi, kwani ilionyesha parokia aliyozaliwa mtu na uhusiano wake na mkuu wa kaya.

Sensa hufungwa kwa miaka 100. Ya 1921 ilifunguliwa mwaka 2022, lakini ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na mwaka 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo limezibwa kwa sehemu na orodha ya wakazi iliyoandikwa tarehe 29 Septemba 1939. Kwa kizazi hicho, anayejua nani alioa wapi na nani alihamia mji gani kwa kawaida ni shangazi au binamu aliye hai.

Kwa vizazi vya nyuma zaidi, vikwazo viwili hujirudia. Cha kwanza ni majina. Wavulana wengi waliitwa John, William au Thomas, na ndugu wawili wa kijiji kimoja waliweza kila mmoja kumpa mwanawe jina la babu. Cha pili ni kuhama. Chini ya sheria ya 1662 maskini aliyehofiwa kuwa mzigo kwa parokia aliweza kurudishwa kwenye parokia iliyowajibika kumtunza. Mahakimu walimhoji alizaliwa wapi, alijifunza kazi kwa nani na alitumikia wapi mwaka mzima, na pale majibu yalipohifadhiwa mtafiti hupata wasifu kamili wa mtu asiye na mali. Lakini aliyehama kimya kimya, au aliyevuka bahari, hutoweka katika madaftari ya kwao.

Waliovuka walikuwa wengi. Katika miaka ya 1630 watu wapatao 20,000 walihamia New England. Kati ya 1788 na 1868 wafungwa wapatao 160,000 kutoka Uingereza na Ireland walipelekwa Australia, na kuanzia 1869 watoto zaidi ya 100,000 walipelekwa Kanada kufanya kazi, wengi wao mashambani. Mara nyingi nchi walizofikia ziliwaandika kwa ukamilifu zaidi kuliko walikotoka. Chukua ndugu wawili wa tumbo moja: mmoja amefia Lancashire mwaka 1870, mwingine Melbourne mwaka huohuo. Cheti cha Lancashire kinatoa jina, umri, kazi, sababu ya kifo na aliyetoa taarifa. Cha Melbourne, chini ya mfumo wa koloni la Victoria ulioanza 1853, kinaweza kuongeza majina ya wazazi wote wawili, mahali alipozaliwa marehemu, watoto wake, na miaka aliyokaa katika koloni. Mjukuu aliyebaki Lancashire akikwama kwa babu yake, jibu huenda liko kwenye droo ya binamu asiyemjua huko Australia, pamoja na barua na Biblia ya familia iliyoandikwa vizazi na vifo kwenye kurasa za mbele.

Kukutanisha matawi hayo kulihitaji vyama. Jumuiya ya nasaba ya New England iliundwa Boston mwaka 1845, na ya London mwaka 1911. Chama cha nasaba cha Utah, kilichoanzishwa na Wamormoni mwaka 1894, kilianza mwaka 1938 kupiga nyaraka picha katika mikrofilamu, na baadaye madaftari mengi ya Kiingereza yakasomeka nje ya Uingereza. Vyama vya kaunti vilivyoenea tangu miaka ya 1960 vilinakili maandishi ya makaburi na kuchapisha orodha za koo ambazo wanachama walikuwa wakizitafuta, kwa jina, mahali na miaka, ili wenye babu mmoja waandikiane. Mwaka 1979 kiliundwa chama cha watafiti ambao kila mmoja hukusanya habari za jina moja la ukoo popote lilipo duniani.

Tangu mwaka 2000 vipimo vya vinasaba vimeuzwa kwa umma, na vimeonyesha ndugu ambao karatasi haziwataji. Vina mipaka yake. Watu wanaokutana kwa babu wa babu zao kwa kawaida hushiriki chini ya asilimia moja ya vinasaba, na takriban mmoja kati ya kumi wa aina hiyo hana sehemu yoyote inayoonekana. Wanaokutana kizazi kimoja nyuma zaidi hukosa ulinganifu karibu nusu ya mara. Kwa hiyo kukosa kulingana na ndugu wa mbali hakuthibitishi kwamba hakuna undugu, na ndugu wengi wakipimwa, ushahidi huwa na nguvu zaidi.

Mfano maarufu ni wa Mfalme Richard III, aliyeuawa Bosworth mwaka 1485. Mifupa iliyofukuliwa Leicester mwaka 2012 ililinganishwa na vinasaba vya wazao wawili wa dada yake, Anne wa York, kupitia mstari wa wanawake pekee, kwa sababu aina ya vinasaba iliyotumika hurithiwa kutoka kwa mama. Mmoja, fundi wa samani mzaliwa wa Kanada, alilingana kikamilifu. Wa pili alitofautiana kwa herufi moja tu ya msimbo wa vinasaba. Upande wa wanaume ulileta jibu jingine: wanaume watano wa ukoo wa Somerset, ambao kwa maandishi wanakutana na Richard kwa Mfalme Edward III, hawakulingana naye. Mahali fulani katika mstari huo baba aliyeandikwa hakuwa baba wa damu.

Maandishi ya ukoo yenyewe yanaweza kudanganya. Gustave Anjou, aliyekufa mwaka 1942, aliwauzia matajiri wa Marekani nasaba zenye wahenga wa kubuni, na bado zinanakiliwa. Shajara anayotuma ndugu wa mbali huchukuliwa kama dokezo: kila kiungo hurudishwa kwenye daftari, cheti au sensa, na kinachokosa nyaraka hizo huandikwa kuwa dhana.