Poinsetia: safari ya kichaka kutoka Taxco hadi mezani pa Krismasi

Ule wekundu wa poinsetia tunaouona kwenye bustani za Nairobi, Arusha na Kampala si maua, ni majani. Maua yenyewe ni vile vitufe vidogo vya manjano vilivyobanana katikati. Usiku unaporefuka, majani ya juu huacha ukijani na kuwa mekundu. Giza lazima liwe kamili, usiku baada ya usiku, kwa majuma kadhaa.

Kwao ni Mexico, kwenye miteremko inayotazama Bahari ya Pasifiki, ambako kichaka hiki hufikia mita 3 au 4. Waazteki walikiita cuetlaxochitl, wakakilea na kutengeneza rangi kwa majani yake mekundu, muda mrefu kabla Wahispania hawajafika. Baadaye Wakristo wa Taxco wakawa wanakitumia kupambia Noeli, maana hunawiri majira hayohayo.

Jina la poinsetia limetokana na Joel Roberts Poinsett, aliyefika Mexico mwaka 1825 akiwa mwakilishi wa kwanza wa serikali ya Marekani. Mimea ya kichaka hiki aliyoituma kwao ilionyeshwa Philadelphia mwaka 1829. Mwaka huohuo Mexico ilitaka aondolewe kwa kujiingiza kupita kiasi katika siasa zake. Mwaka 1838, Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, walipofukuzwa kwa nguvu kwenye ardhi yao na wengi kufia njiani, yeye ndiye alikuwa waziri wa vita wa Marekani. Kwa maoni yangu, kichaka hiki hakikustahili kubeba jina lake. Heshima ilikuwa ya wakulima waliokitunza vizazi kwa vizazi.

Biashara ilikuja na familia ya Ecke, wahamiaji kutoka Ujerumani. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wakiuza matawi yaliyokatwa huko Los Angeles, na mwaka 1923 wakahamia Encinitas, California. Paul Ecke wa kizazi cha tatu aligawa mimea bure kwa vituo vya televisheni, hivyo Wamarekani wakaizoea kila Desemba sebuleni mwao.

Lakini nguvu yao kubwa ilikuwa siri. Poinsetia za wakulima wengine zilirefuka kwa shina moja lililokonda. Za Ecke zilikuwa fupi, zimejaa matawi. Walikuwa wakibebesha mmea mmoja juu ya mwingine, na tabia ya kutoa matawi ikahama. Miaka ya 1990 mbinu hiyo ilichapishwa, wapinzani wakaingia sokoni. Mwaka 1997 watafiti wa serikali ya Marekani wakaeleza kisa chake: mmoja wa mimea iliyobebeshwa ulikuwa na maambukizi ya fitoplazma, vijidudu jamii ya bakteria visivyo na ukuta wa seli. Kwa hiyo umbo linalopendwa madukani duniani kote hutokana na ugonjwa. Kampuni ya Ecke iliuzwa mwaka 2012.

Siku hizi vipandikizi vingi vya poinsetia vinavyokuzwa Ulaya hutoka Afrika Mashariki, yakiwemo mashamba ya Uganda na Ethiopia.

Kama kichaka chako kinagoma kubadilika rangi, kagua taa ya ulinzi iliyo karibu nacho: mwanga wa usiku hukizuia. Kihamishe au izime taa. Ukikipogoa, vaa glavu, maana utomvu wake mweupe huwasha ngozi.