Vitabu Viwili vya Mwaka 1610

Mwaka 1593, miongo miwili na ushei tangu Wahispania waitwae Manila, ilichapwa mjini humo katekisimu iitwayo Doctrina Christiana. Kurasa zake zilichongwa kwanza kwenye mbao. Sala zimo kwa Kihispania na kwa Kitagalog, na Kitagalog chenyewe kimeandikwa mara mbili: kwa herufi za Kilatini na kwa baybayin, maandishi waliyokuwa nayo Watagalog kabla ya meli za Hispania kutia nanga. Kwa hiyo masimulizi kwamba mapadri waliyapiga vita maandishi hayo tangu siku ya kwanza yapokewe kwa tahadhari.

Baybayin ilikuwa na alama 17, tatu za irabu na 14 za konsonanti. E na i zilichangia alama moja, o na u nyingine. Aliyewahi kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu anaijua taabu hiyo. Tena konsonanti inayofunga silabi haikuandikwa kabisa. Mzawa aliijaza mwenyewe kwa kufuata maana. Aliyekwama ni padri mgeni.

Ndipo anapotokea Tomás Pinpin, Mtagalog wa Bataan aliyefanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha watawa Wadominiko. Mwaka 1610 alichapa sarufi ya Kitagalog ya padri Francisco Blancas de San José, ya kuwasaidia mapadri kuhubiri kwa lugha ya waumini. Mwaka huohuo kikatoka kitabu alichokitunga Pinpin mwenyewe, cha kuwafundisha Watagalog Kihispania. Hoja yake ilikuwa na kejeli kidogo: ikiwa wenzake wanaiga mavazi ya Wahispania, kwa nini waiache lugha? Akatia humo nyimbo zinazochanganya lugha zote mbili.

Kwa maoni yangu, kitabu cha Blancas ndicho kilichoshinda. Padri aliyejua Kitagalog hakumlazimu mwanakijiji kujua Kihispania, na utawala wa zaidi ya miaka 300 ukapita bila kuiondoa lugha. Kilichoondoka ni baybayin, nayo haikuondoka kwa siku moja. Chuo Kikuu cha Santo Tomas, Manila, kinahifadhi hati mbili za mauzo ya ardhi huko Tondo, ya 1613 na ya 1625, baada ya herufi za Pinpin kuanza kazi. Zote mbili zimeandikwa kwa baybayin.