Miraa Ilivyofika Kwetu, na Dalili za Mtu Aliyezidiwa

Mama mpenzi, na wewe mlezi, leo tuongee juu ya yale majani ambayo vijana wetu hapa Kakamega huyaita jaba au veve.

Zamani miraa haikuwa kitu cha watoto. Kule Nyambene, Meru, ilikuwa ya wazee, na kifurushi chake kilipelekwa kwa wakwe wakati wa posa. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilijaribu kuizuia kaskazini mwa Kenya, lakini haikufaulu. Biashara ikakua. Vifurushi vikafungwa kwa majani ya mgomba na magari yakakimbizwa usiku, maana wakulima walijua miraa ikikauka haina nguvu.

Sababu yake ilijulikana vizuri mwaka 1975, wataalamu wa maabara ya Umoja wa Mataifa walipopata kathinoni ndani ya majani mabichi. Hiyo ni kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini, na hupungua jani linaponyauka. Kwa hivyo usikubali kuambiwa ni mboga tu. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014. Mei 2024 Kaunti ya Mombasa nayo ikakataza muguka, ile ya Embu, lakini Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo.

Miraa peke yake mara nyingi humnyima mtu usingizi na hamu ya chakula. Hatari kubwa huja akitafuna kupita kiasi, au akichanganya na vidonge vya kufukuza usingizi au kokeini. Hapo utaona moyo unapiga mbio, jasho linamtoka, mboni za macho zimepanuka, anatetemeka, mwili unachoma. Anaweza kuogopa kila mtu na kusikia sauti zisizokuwepo. Sisi wa huku tumezoea malaria, kwa hivyo mama akiona joto na kutetemeka hukimbilia Panadol. Joto hili halishuki kwa Panadol. Wengine husema amerogwa, na saa zinapita.

Akilalamika kifua kinauma, akipata degedege, akichanganyikiwa au akizirai, ni hospitali mara moja, hata kama ni usiku na ni bodaboda tu iliyopo, mtu akimshikilia kwa nyuma. Mkingoja gari, mweke penye kivuli na utulivu, mvue nguo nzito, mpanguse kwa kitambaa chenye maji na umpepee. Ongea naye polepole. Usimfunge kamba, usimpigie kelele. Aliyezirai lakini anapumua mlaze kwa ubavu, asipaliwe na matapishi. Usimlazimishe kutapika, wala usimnyweshe maziwa eti yatatoa sumu.

Mkifika, mwambie muuguzi ukweli: ametafuna nini, tangu saa ngapi, amechanganya na nini. Kama kuna mabaki au karatasi ya vidonge mfukoni, beba. Hatuulizi ili tumshtaki mtoto wako. Tunauliza kwa sababu dawa ya kumtuliza hutegemea kile alichokula.