Mtungi wa kuzimia moto: miaka 300 na aibu ya New York

Mwaka 2023 mtungi wa kuzimia moto ulitimiza miaka 300, wala sikusikia aliyeupigia hata kigelegele. Kwetu Tanzania unakumbukwa trafiki anaposimamisha gari. Dereva anauchomoa chini ya kiti, anaufuta vumbi kwa kiganja, anaonyesha stika, safari inaendelea. Mwulize pini yake inavutwaje, atakujibu kuwa hiyo ni kazi ya Zimamoto. Chombo cha kuokoa maisha kimegeuzwa risiti.

Na hicho chombo kilianza maisha yake kama bomu. Ambrose Godfrey, mkemia Mjerumani aliyehamia London na kuwa msaidizi wa mwanasayansi Robert Boyle, alipata hataza yake mwaka 1723. Alichobuni ni pipa la kimiminika cha kuzimia moto, na katikati ya pipa kikopo cha baruti. Unawasha tambi, unalisukumia pipa ndani ya chumba kinachoungua, unakimbia. Linapasuka na kumwaga kila lilichobeba. Mwaka 1729 gazeti moja la London liliripoti kwamba pipa la namna hiyo lilisaidia kuzima moto jijini humo.

Chombo cha kubebeka tunachokifahamu leo kilimsubiri Kapteni George William Manby wa Norfolk, Uingereza. Huyu ndiye aliyebuni mzinga wa kurusha kamba hadi kwenye meli zilizokwama karibu na pwani, na mwaka 1808 mabaharia walianza kuokolewa kwa mzinga huo. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwaka 1813 alishuhudia moto Edinburgh, akaona wazimamoto wakishindwa kufikisha maji ghorofa za juu. Miaka mitatu baadaye alionyesha mtungi wa shaba wenye lita 13 hivi za maji yaliyochanganywa na chumvi ya potasi, ukiwa umejazwa hewa kwa shinikizo. Fungua koki, maji yanaruka. Kwa ufundi, huo ndio mtungi wetu. Manby alifariki mwaka 1854, fukara.

Lakini aliyetikisa magazeti ya karne ile alikuwa Mwingereza mwingine, William Henry Phillips, na mashine aliyoipa jina la Mwangamiza Moto. Ndani yake mlikuwa na mkaa, shura na jasi vilivyoshindiliwa pamoja, na juu yake chupa ya asidi. Ukigonga kitufe chupa inavunjika, mchanganyiko unashika moto, maji yaliyozunguka yanageuka mvuke, na wingu zito la mvuke na gesi linatoka kwa kishindo. Mbele ya watazamaji wa London ndimi za moto zilikuwa zikifa papo hapo.

Miongoni mwa waliovutiwa ni P. T. Barnum, Mmarekani mwenye jumba la maajabu pale New York, mtu aliyeweza kumuuzia samaki maji. Barnum aliingia kwenye kampuni ya kuuza mashine hiyo Marekani pamoja na Elisha Whittlesey, ofisa mkubwa wa Hazina ya nchi hiyo. Haki za kuiuza zikaanza kugawanywa eneo kwa eneo, na watu wakatoa fedha kabla hata ya jaribio la hadhara.

Jaribio lenyewe lilifanyika New York Desemba 1851. Jengo lilisimamishwa makusudi lipate kuchomwa, umati ukafurika, Phillips akawepo na mashine zake. Kilichofuata tunakisoma kwenye kumbukumbu za Barnum, na Barnum hakuwa mtu wa kujipaka matope. Anasema Phillips aliuzima moto wa kwanza vizuri tu, kisha wahuni waliokuwa wakiipinga mashine wakampiga mweleka, jengo likawashwa upya na kuteketea lote. Magazeti hayakujali nani alimpiga nani. Jengo lilikuwa majivu, basi mashine ilikuwa ulaghai. Barnum anasema aliamuru kila aliyelipa arudishiwe fedha zake.

Mimi namwamini nusu. New York ya wakati huo ilizimiwa moto na vikosi vya kujitolea, vyenye majivuno na ugomvi wao, na sishangai kama chombo cha kuwanyang'anya sifa hakikukaribishwa. Lakini mashine yenyewe ilikuwa na dosari isiyohitaji wahuni. Mvuke na gesi hukata hewa, mwali ukafa. Mbao zinabaki na makaa ndani, na wingu likitawanyika moto unarudi. Barnum mwenyewe hakupona: jumba lake la maajabu liliungua mwaka 1865, na lililofuata likaungua mwaka 1868.

Dosari hiyo ingali nasi. Mtungi wa hewa ya ukaa, uliobuniwa na kampuni ya Walter Kidde mwaka 1924 kwa ajili ya mitambo ya simu, ni mzuri mno kwa moto wa umeme, lakini godoro lililoshika moto utalizima nao, ugeuke, uambiwe limewaka tena. Godoro linataka maji. Mafuta ya kukaangia hayataki maji hata tone: zima jiko, funika sufuria, usiisogeze.

Yaliyobaki katika historia hii ni ya harakaharaka. François Carlier wa Ufaransa alileta mtungi wa magadi na asidi mwaka 1866. Mrusi Aleksandr Loran, mwalimu aliyekuwa Baku penye visima vya mafuta, alibuni povu mwanzoni mwa karne ya 20. Pyrene ya Marekani ikaja na bomba dogo la shaba nyeupe lililopendwa sana kwenye magari, hadi ilipodhihirika kwamba kimiminika chake kikipata joto hutoa fosjini, sumu iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Gesi ya haloni ilisifiwa, kisha Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaibana kwa kuharibu tabaka la ozoni. Leo magari na ofisi nyingi zina unga mkavu.

Tanzania ina Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, na ina mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Maana yake mitungi ya gesi inaingia jikoni kwa kasi, wakati mwenzao mwekundu wa kuzimia moto ameachiwa korido za ofisi, nyuma ya mlango, juu yake limetundikwa koti la mlinzi.

Basi leo utazame wa kwenu. Sindano ya geji iwe kwenye kijani. Ikiwa imeshuka, upeleke ukajazwe. Siku ya siku vuta pini, elekeza mdomo kwenye shina la moto na siyo kwenye ndimi zake, bana kishikio, fagia kushoto na kulia, mlango ukiwa nyuma yako. Mtungi mdogo wa gari huisha kwa sekunde 10 hivi. Ukiisha na moto bado upo, toka nje, upige 114.